Pua ya Evaristo

Mita tatu, kwa mbili na robo, kwa moja na nusu.
Nimepiga magoti kwenye mbao zenye grisi,
tepu inarudi kwa hasira, inanichapa kidole.
Kumi na kidogo, mita za ujazo:
chumba cha injini ni kidogo kuliko jiko la mama,
na humo wamefungwa farasi mia na hamsini.

Nje, Dalcahue inanyesha
kama ilivyonyesha jana,
kama itakavyonyesha siku ya kiyama.

Bwana Oyarzo ametoka Puerto Montt na mkoba wa ngozi.
Anapanga mitungi mezani kama muuza manukato.
Huu mwekundu ni hewa ukaa, bei poa,
huua moto kwa kuunyima pumzi.
"Na mtu akiwa ndani?"
Akatazama viatu vyake.
"Moto na mtu, bibie, hunywea kikombe kimoja."

Huu mkebe, mdogo kama kopo la maziwa,
hauna bomba wala vali,
lakini ukifyatuka humwaga vumbi la chumvi,
na nyaya zote utazisugua kwa mswaki.

Na huu, ghali. Gesi safi, haiachi alama.
Kichwa chake ni kioo, hupasuka chenyewe
kwenye digrii sabini na tisa, mkiwa macho au mmelala.
Ila injini lazima izimike kwanza, na feni zifungwe,
la sivyo injini itaivuta gesi yote
na kuitemea baharini,
moto ubaki unakucheka.

Evaristo alisimama mlangoni, kofia inachuruzika.
Miaka thelathini na moja ndani ya mashine zetu.
"Mitungi ya nini? King'ora hiki hapa,"
akagonga pua yake.
Kweli. Nilikuwepo, nina miaka kumi na tisa,
karibu na Quinchao: alinusa mkanda wa feni
kabla moshi haujajijua kuwa ni moshi.
Usiku ule tulikula viazi, tukiwa hai.

Lakini Ijumaa iliyopita mkate uliungua.
Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye oveni,
akinywa mate, akiunguruma na redio.
Mimi nikaingia kutoka uani, nikakuta makaa.
"Nilidhani umeuona," akasema.

Kesho yake niliweka tambara lililoloa dizeli
kando ya kikombe chake cha kahawa.
Akanywa kahawa yote.
Akaomba nyingine.
Nikamimina, mkono unatetemeka,
nikijichukia mpaka leo.

Ile homa ya Julai iliondoka na kitu chake.
Hakusema. Sikuuliza.
Na mwezi wa Agosti boti ya kina Barría
iliteketea mpaka usawa wa maji.
Walitangaza watu wote wamepona.
Mbwa hawakumtaja.

Nikachukua ule wa ghali. Nimeuza ndama.
"Bima ndio wanaotaka," nikamwambia Evaristo.
"Bima!" Akatema mate. "Watu wa karatasi."

Lakini aliufunga yeye mwenyewe, siku mbili,
kila boliti akiikaza, akaipapasa, akaikaza tena.
Akavuta kebo ya kuzimia injini,
akatengeneza kifuniko cha feni kwa bati la zamani,
akaijaribu ile taa ya kijani juu ya usukani.
"Yuko macho," akasema.
Yuko, si uko.

Kisha kwa brashi nyembamba, rangi nyeupe,
akaandika uzito wa mtungi ubavuni
na tarehe ya kuupima tena mwakani.
Mkono wake ulitulia kwenye tarakimu ya mwisho.

"Hii rangi," akauliza bila kugeuka,
"inanuka sana?"

Mvua ilikuwa imepungua kidogo.
Nikasema: "Inanuka. Acha mlango wazi."
Akaacha mlango wazi.