Kitunguu Kinachojua Kungoja

Shamba langu ni hatua tisa kwa nne,
limebanwa kati ya majabali mawili ya Mabatini:
huku jiwe lenye mgongo wa kiboko,
huku lile ambalo wanawe Bugingo huanikia sare za shule.
Udongo ni luseni, kichanga kitupu;
ukiumwagia maji yanapita
kama mgeni aliyekataa kuketi.
Nimeulisha samadi ya Kisesa, viroba sita,
nikivipandisha mlima kimoja kimoja,
na kiuno hadi leo kinanidai.

Dukani kwa Ng'wandu, Mkuyuni,
makopo ya mbegu yanang'aa kuliko mboga zenyewe.
"Dada, chukua Teksasi.
Kinavimba kama ngumi ya bondia,
kitamu, hakiwashi, kachumbari bila chozi."
Nikamuuliza, kinakaa?
Akakuna sikio.
"Kukaa… mwezi. Mwezi na siku mbili tatu, ukipata upepo."

Mwezi!
Mimi niliyechuna sangara kiwandani miaka kumi na mmoja,
kiganja kikiwa ganzi kwa barafu,
namjua asiyekaa.
Samaki wa alfajiri, ukizubaa, adhuhuri ana kesi.
Dagaa wa Igombe wakinyeshewa mchangani
sherehe ni ya bata.
Umri wangu wote nimekimbizana na uvundo.
Sasa nataka kitu kimoja tu ndani ya nyumba
kinachojua kungoja.

"Basi Bombei," akasema. "Chekundu, ganda juu ya ganda,
kining'inize jikoni, miezi minne hakikuulizi kitu."
Wifi yangu Kabula akadakia, hakuulizwa:
"Kreoli! Kidogo, kigumu, kikali,
ukikikata wewe, jirani ndiye anayelia.
Dagaa hataki mwenzi mpole."
Na hapo, kwa kweli, alisema.

Lakini nilikuwa na siri kwenye pindo la khanga:
mbegu za mama, kutoka Ukerewe,
nyeusi kama baruti, hazina kopo wala jina.
Yeye huziita "cha kwetu", basi.
Kitunguu kile nakikumbuka darini,
kikining'inia kiangazi chote juu ya moshi,
kikitoka kimoja kimoja, kama pesa ya bahili.
Nikazisia kwenye beseni lililotoboka.
Siku ya saba, kimya.
Ya kumi na mbili, kimya.
Ya kumi na tano ukachomoza uzi wa kijani, umejikunja;
nikaita watoto waje waone.
Ulikuwa ukoka.

Nikampigia. Mama, ulizivuna lini?
"Mwaka ule baba yako alipoezeka bati."
Nikahesabu: mitatu.
Ng'wandu alicheka mpaka akashika meza.
"Mbegu ya kitunguu ni ya mwaka mmoja, dada! Baada ya hapo ni pilipili manga isiyowasha."
Nami nikabaki na mzani wangu mkononi:
tunda linalongoja kuliko yote jikoni
huzaliwa na mbegu isiyoweza kungoja.

Kwa mama sikusema. Nilisema, "Zimeota chache."
Uongo wenye majani mawili.
Wiki iliyofuata meli ikaniletea bahasha,
na ndani, kimefungwa gazeti,
kitunguu kimoja. Cha mwisho cha darini.
Kimenywea, kimeanza kutoa pembe ya kijani,
kizee kinachonyoosha shingo kuuliza nani amefika.

Kwa hiyo nimepanga hivi:
Bombei mistari mitano, Kreoli mmoja wa dagaa,
Teksasi hapana, Bugingo akitaka anunue sokoni.
Na pembeni, chini ya jiwe la sare,
kile kimoja, nikiache kitoe maua.
Ng'wandu ananionya: vingine vikichanua karibu,
mbegu zitachanganyika, nyuki hawasomi kopo.

Basi nitalinda. Kila jioni nitapita na kisu kilekile cha sangara,
nikikata bua lolote litakaloinua kichwa kwenye mistari,
ila lile moja.
Na mbegu zikikauka sitazifunga pindoni.
Nitazisia wiki hiyohiyo,
nusu hapa,
nusu zipande meli.