Wanga wa Viazi

Mguu wa askari juu ya theluji
ni mfuko wa kitambaa uliojaa wanga wa viazi
na kiganja cha Wiesława kikiuminya:
kwachu, kwachu, kwachu.
Wanga huo huanga. Jeshi zima limepita Łódź,
mtaa wa nyuma, ghorofa ya chini,
bila kuacha unyayo,
na jioni jeshi hilo hurudishwa kabatini
lisije likaliwa na panya.

Theluji ya kweli, aliniambia, haifai.
Kinasa sauti hakiiamini.
"Ukweli mtupu una sauti ya uongo.
Lazima uutafutie wanga."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nilipenda filamu za mizinga,
viti vikitikisika, tarumbeta, bendera,
kijana mzuri akifa polepole
na nywele zake bado zimechanwa.
Nilizitaja kwa majina
kama mtu anayetaja wachumba.
Wiesława alikuwa akivunja karoti mbichi,
ndiyo mifupa ile mnayoisikia.
Akauliza: "Soksi zao walizianika wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Filamu aliyoipenda kuliko zote
haina risasi hata moja.
Ni mpishi wa kikosi, bondeni, wiki sita.
Anamenya viazi.
Jumatatu anapanga sahani arobaini.
Jumanne anapanga arobaini,
anazitazama,
anarudisha tisa sandukuni,
kwa upole, zisigongane.
Basi. Hakuna fidla. Hakuna anayelia.
"Mlio wa sahani zile ni wangu," alisema,
"nilileta za kwetu nyumbani
nikazikataza kulia.
Ya tisa ilikuwa na ufa, haikunisikia.
Tuliiacha hivyo hivyo."

Mwongozaji mmoja, Gniewosz, alikuja toka mji mkuu,
skafu shingoni, akitaka mlipuko
uzidi milipuko ya wenzake wote.
Akampa: mlango wa chuma, pipa tupu,
mngurumo wa simba uliopunguzwa kasi.
Kioo cha dirisha kikaitikia.
Bwana akafurahi, akalipa, akaenda zake.
"Umesikia?" akaniuliza.
Nimesikia nini?
"Hakuna aliyekuwa chini yake."

Tangu siku hiyo nikiingia sinema ya vita
sihesabu vifaru.
Natega sikio: yupo anayekwaruza kopo kwa kijiko
baada ya nyama kuisha?
Farasi amepewa muda wa kuogopa?
Adui akikohoa, anakohoa kama mjomba wangu Ksawery,
yule wa mapafu mabovu, aliyechoka kabla ya kuanza?
Na ushindi ukishapatikana, yupo hata mmoja
asiyejua aiweke wapi mikono yake?
Kama hayupo, natoka kabla ya bendera,
naenda kula supu.

Vita vyake mwenyewe sivijui.
Alikuwa na miaka sita walipotolewa nyumbani,
majira ya baridi, kwa miguu.
Hayo ndiyo yote aliyopata kuniambia,
tena huku akitafuta miwani
iliyokuwa kichwani mwake.

Alistaafu mwezi wa pili.
Nilimsindikiza hadi kituo cha tramu.
Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha,
nzima, haijaguswa hata na mbwa,
nami nilitangulia kwa fahari ya viatu vipya:
kwachu, kwachu.
Nyuma yangu kimya.

Nikageuka.
Alikuwa akipita juu ya reli iliyofagiliwa,
mguu mbele ya mguu, kama mtoto,
macho chini,
na mfuko wa wanga ameukumbatia kifuani
ili usilie.