Friji ya Semboja

Kibandani kwa Semboja, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
friji ya soda hunguruma noti moja usiku kucha.
Humo ndimo tunamopatanishia nyuzi.

Leo umeme umekatika.
Shekiondo kainamia gitaa gizani,
kakaza uzi wa tatu, kaulegeza,
kauuliza, "Umefika?"
kama anayemwinua mgonjwa kitandani.

Ndipo Mwanakombo, asiyeimba tangu eda,
akaguna kidogo.
Chini. Chini mno kuliko zamani.

Hakuna aliyesema kitu.
Shekiondo akaanza upya,
akavilegeza vigingi vyote sita, kimoja kimoja,
mpaka akamkuta alipo.

Umeme ukarudi. Friji ikanguruma;
yenyewe ndiyo iliyokosea.