Jadweli

Wamenipa jadweli ya safu mbili, niijaze kabla ya Jumatatu:
gharama upande huu, faida upande ule.
Mimi ni karani wa hesabu, Wete, chumba cha nyuma,
feni yangu huzunguka inapotaka.

Naanza na rahisi.
Mafuta ya mitambo: tuliyaacha
tangu waya ulipopita chini ya bahari kutoka Tanga.
Waya: tunaulipia.
Jua: sufuri.
Naitazama ile sufuri, nono, imekaa kama bwana harusi.

Ila jua haliji peke yake.
Laja na vioo, vioo vyaja kwa dola,
na dola hupanda usiku sisi tumelala,
kama mgomba wa nyuma ya choo, haukupandwa na mtu.
Mkopo ni wa miaka ishirini.
Mkataba, ukurasa wa arubaini na moja, wasema:
tukiutumia tutalipa, tusipoutumia tutalipa.
Nimeusoma mara tatu, nikidhani macho yangu.

Halafu kuna Bi Time Shaame.
Eka tatu zake zimo kwenye ramani, zimetiwa rangi ya samawati.
Sheha alikwenda na kalamu na utepe:
mkarafuu mzee, bei yake hii;
mche, bei yake ile;
ardhi haina bei, ardhi ni ya Serikali.
Bi Time akauliza: na kivuli?
Sheha akaigeuza karatasi, mbele, nyuma.
"Siukatai umeme," kasema Bi Time, "nina friza la pweza,
ukikatika ndimi ninayenuka.
Nauliza tu: jua likihamia kwangu, mie nihamie wapi?"

Hakuna safu ya maswali.

Saa saba mchana vioo vitashiba,
na saa saba mchana mji umejilaza, pasi zimepoa.
Saa moja usiku watu wametoka msikitini,
taa, televisheni, blenda za juisi, zote pamoja,
na jua liko kwa watu wengine.
Betri zitatuvusha, wataalamu wamesema.
Bei ya betri haikuenea kwenye kisanduku;
nikapunguza ukubwa wa tarakimu.

Mkurugenzi kanambia: tia hewa safi kwenye faida.
Nimetia.
Kanambia: tia vizazi vijavyo.
Nimetia, tena si kwa kulazimishwa.
Chumvi imeshaingia kwenye mpunga wa wajomba zangu,
bonde zima limekuwa jeupe,
na hiyo nayo sijui niiandike gharama ya nani.

Nyumbani, baba kaichukua karatasi.
Miaka ishirini na sita alilinda majenereta;
masikio aliyaacha kule, hakuna aliyemfidia.
Akasoma polepole, akaomba penseli,
akaandika nyuma yake:

*Jua halina hisabu, lamwaga hadi chumbani,*
*Kioo ndicho sababu, cha deni la ugenini,*
*Na usiku ni adhabu, betiri haimo ndani,*
*Mwanangu andika jibu, nani atalipa, nani?*

Sasa nitaipelekaje kwa Mkurugenzi, na shairi mgongoni?

Taa ikazimika. Si mgao, ni mita yetu, salio limekwisha.
Baba akaweka kiganja ukutani, mazoea ya zamani:
enzi zile, kwa mtetemo tu, alijua injini ngapi ziko hai.
"Huo wenu wa jua," kaniuliza gizani, "watetema?"
Nikamshika mkono, nikautikisa: hapana.
"Basi nitaujuaje kuwa upo?"

Kwa risiti, baba.
Lakini hilo sikuweza kumwambia kwa mkono.
Nikanunua tukuza ya elfu mbili kwa simu,
nikabonyeza tarakimu ishirini, moja moja,
nikarudi mezani kutafuta
pa kuziandika hizo elfu mbili.