Siku Thelathini

Manchester, begi langu halijatokea bado,
niliwasha simu kwa laini ya nyumbani.
Neno moja tu nilituma: nimefika.
Likala elfu kumi na mbili.

Kwa hiyo Leeds, Jumanne asubuhi,
mvua isiyo na haraka ikinyesha Harehills,
nikasimama mbele ya ukuta wa kadi
katika duka linalouza kila kitu:
ndizi za kupika, koleo za theluji, sembe, ubani, soksi.
Nyekundu, zambarau, manjano,
kila kadi inaapa yeye ndiye nafuu.

Mwenye duka anaitwa Rebwar.
Kwao Sulaimaniya, na jina lake, alinieleza,
maana yake msafiri.
Akaweka mbili juu ya kaunta.
Hii GB tano, siku saba, pauni tano.
Hii GB arobaini, siku thelathini, kumi na tano,
inashika mpaka mashambani,
huko ng'ombe nao wana mtandao.
"Unakaa siku ngapi, dada?"

Nikafungua mdomo, nikakuta hamna namba.

Siku ngapi.
Daktari wa Kidawa nilimuuliza hivyo hivyo,
akaitazama kalamu yake, akasema tutaona.
Watu wa uhamiaji niliwaambia wiki sita
kwa sauti ya mtu anayejua.
Mbele ya kipande cha plastiki
nilishindwa kudanganya.

Saba ingeutosha mkoba.
Saba ni namba ya mtu mwenye akili.
Lakini kununua saba
ni kusimama mlangoni mwa wodi
nikamwambia mdogo wangu: fanya haraka.

"Rahisi huvunja upishi," nikasema, kwa Kiswahili,
na Rebwar akaitikia kwa kichwa
kana kwamba kwao nako sufuria zimeungua.
Nikachukua thelathini.

Kipini cha kufungulia hakuwa nacho. Nikavua hereni.
Laini ya nyumbani ikatoka, ndogo kuliko ukucha,
na ndani yake namba wanayoijua wakwe,
wanaonidai, na daktari wa meno wa Muheza.
Nikaivingirisha kwenye risiti,
nikailaza ndani ya pasipoti, ukurasa wa viza.

Mama hakutaka sauti.
"Sauti mtu huikaza. Nataka kumwona anavyopumua."
Nikaiegemeza simu kwenye jagi la maji,
naye Muheza akaiegemeza yake kwenye kopo la sukari,
na kwa saa mbili hakuna aliyesema neno.
Kidawa amelala. Mama anachambua mchele.
Mara jogoo wetu akawika ndani ya wodi,
na nesi Verlene akageuka kumtafuta chini ya vitanda.

Jioni ukaja ujumbe: umetumia GB moja na nusu.
Ndipo nilipojua
kimya hulipiwa bei ile ile ya maneno.

Mtandao wa bure wa hospitali ulikuwepo,
ila kila nusu saa unakuuliza wewe ni nani,
na siku ya tatu ulimtupa Mama nje
katikati ya pumzi.
Nikajibana. Sikufungua habari, sikutazama harusi za watu.
Kundi la ukoo nikaliomba, kwa heshima zote,
liache kutuma maua ya asubuhi njema.
Shangazi Mwanahawa akatuma waridi la kuomba radhi. Lenye muziki.

Siku ya ishirini na tisa nilirudi Harehills.
Jua lilikuwa limetoka, la mapambo tu.
Rebwar aliniona kupitia kioo,
na kabla sijafika kaunta
mashine yake ilikuwa inachapa vocha,
thelathini nyingine. Hakuuliza.

"Jana amekunywa supu," nikamwambia.
"Akalalamika haina chumvi."

Akanipa vocha, na limau moja
ambalo hakulihesabu.