Sehemu ya Uzoefu

Kaa hapo, Mchopa, sogeza hiyo rimu ya karatasi.
Feni ni mbovu, usiitazame.
Barua yako nimeisoma mara mbili.
Umeanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu"
kama kila aliyeingia humu na cheti cha kidato cha nne
ndani ya bahasha ya kaki.
Ibaki hivyo. Mabosi wameizoea.
Ila huku chini, penye neno UZOEFU,
umeandika: Sina.

Nani alikwambia huna?

Mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri, ulikuwa wapi?
"Kilimarondo, kwa bibi. Napuliza salfa."
Mashine aliibeba nani?
"Mimi."
Ikizima?
"Nafungua plagi, naisugua kwa msasa, inawaka."
Mikorosho mingapi?
Hukufikiri hata kidogo:
"Mia mbili kumi na nne. Mitatu imekufa."

Sasa mtu anayejua kwamba mitatu imekufa
anaandikaje Sina?

"Lakini dada Somoe, hiyo siyo kazi. Hiyo ni ya nyumbani."

Ya nyumbani.
Kwani salfa ilikuwa haikuwashi macho kwa sababu ni ya nyumbani?
Nachapa. Nyamaza.
*Kuendesha na kutengeneza mashine ya kupulizia, misimu mitatu.*
*Kutunza hesabu ya miti na magunia.*
Hakuna uongo hapo. Ungekuwepo ningeufuta;
nina jina mjini hapa, dogo, lakini ninalo.

Na hii namba ya simu ni ya nani? Ya shangazi?
Shangazi anashinda bondeni kwenye mpunga, mtandao haufiki.
Watapiga mara moja tu.
Weka namba inayopokelewa, hata ya muuza chipsi,
mradi umemwambia jina lako kamili,
lile la kwenye cheti. Injinia ni la kijiweni.

Akitokea mtu anadai elfu hamsini ya fomu, ondoka,
hata kama amevaa tai.
Hiyo ni kangomba, mdogo wangu:
anakununua kwa bakuli ungali juu ya mti.

Ukifika ghalani usiulize kama kuna kazi.
Wote wanauliza hivyo, na jibu unalijua.
Uliza mizani inafunguliwa saa ngapi.
Kesho yake uwe umefika kabla ya mizani.

Unanitazama kama vile mimi nilizaliwa na kompyuta.
Niliandika barua kumi na moja, kwa mkono,
karatasi za mistari, kalamu ya kuazima.
Kumi sijui zilikokwenda.
Ya kumi na moja ilijibiwa na mlinzi wa getini:
"Dada, humu hamna kitu, ila pale stesheneri
wanatafuta mtu anayejua kuwasha jenereta."
Nikasema najua.
Nilijua kuzima.
Kuwasha nilijifunza siku hiyohiyo, mchana, mikono ikitoka damu.
Hilo usiliige. Au liige kidogo.

Elfu moja mia tano. Una mia nane?
Lete. Nyingine utaniletea.

*

Siku kumi na mbili baadaye ulisimama mlangoni,
vumbi la magunia hadi kwenye nyusi.
Nikauliza kwa macho. Ukatikisa kichwa.
Hujaajiriwa. Kibarua tu, siku nne, kupanga magunia,
wakasema watapiga.

Nikadhani umeleta zile mia saba.
"Hapana. Nataka uongeze mstari."
Mstari gani?
"Siku ya tatu karani aliruka gunia moja kwenye daftari.
Nilimwonyesha. Akahesabu upya, akaniuliza jina."
Ulimpa lipi?
"La kwenye cheti."

Nikafungua faili lako.
Kabla sijagusa herufi umeme ukakatika,
Nachingwea nzima, mpaka mashine ya kusaga ikanyamaza.
Nikachukua risiti, nikaigeuza nyuma.
Haya, sema polepole, nitaandika kwa mkono:
gunia la ngapi?