Hadi Viganjani

Tapkigen wa ghalani alizipanga tatu mezani
juu ya gazeti la juzi, kama muuza viatu:
lumeni mia tatu, elfu moja, elfu mbili.
"Chagua," alisema, "ila usichague kama mwanamume."
Nikacheka. Nikachagua kama mwanamume.

Nani asingetaka jua dogo chini ya mtutu?
Tulilijaribu nyuma ya kambi: likavuka ghuba,
likaigusa migunga iliyofia majini tangu ziwa lipande,
korongo wakageuza shingo wakidhani kumekucha.
Tukapiga makofi.

Lakini leleshwa haijui sifa.
Jani lake lina unga wa fedha,
na usiku ule wa Julai, karibu na ua wa Mwariki,
nilipobonyeza, kichaka kizima kilinirudishia mwanga wangu
usoni, kama deni.
Weupe. Weupe mtupu.
Aliyekuwa gizani aliniona mimi,
nami pia niliniona mimi.

Halafu weupe ukaota mkono.

Sikia, wewe utakayekabidhiwa bunduki hii baada yangu:
kila anayemulikwa huinua mkono.
Si uadui, ni kope tu hazikutosha.
Tochi yangu imefungwa pale risasi inapotokea,
kwa hiyo ninachokitazama nimeshakielekezea kifo,
na mkono unaopanda, ukiuona kutoka upande huu,
hauna vidole. Una nia.

Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio.
Hiyo ndiyo hadithi yote ya kwa nini Gathungu yu hai,
mtoto wa darasa la saba aliyemfuata ndama
kupitia tundu la ua, na sufuria ya pumba ya kumwitia.
Sufuria ndiyo aliyojikingia macho.
Sufuria ndiyo iliyometa.
Alilia. Nikakaa chini kungoja macho yangu yarudi,
karibu nusu saa, madoa ya kijani yakielea,
nikamsikiliza akilia
bila kumwona.

Jumamosi niliazima zote tatu, nikaenda nazo Kaptembwa
(bunduki ililala ghalani, usiulize).
Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, bahati yangu.
Nikamwambia Nasambu asimame mwisho wa ploti,
pale chooni, ashike chochote, nami nikisie.
"Kwa hiyo leo mimi ndiye mwizi?"
"Kwa dakika kumi."

Elfu mbili: akafumba macho, akanigeuzia mgongo,
akanitukana kwa Kibukusu. Niliona leso na hasira.
Elfu moja: mabati ya jirani yakawaka,
mke wangu akawa kivuli, na jirani akakohoa.
Mia tatu niliielekeza chini, kwenye udongo,
mwanga ukapanda wenyewe, taratibu,
kama maji ndani ya debe:
malapa, pindo la leso, kiwiko, mkono.
"Mwiko," nikasema.
"Na sasa?"
"Kitana."
"Na sasa?"
"Hakuna kitu. Umefungua viganja."
Akabaki hivyo kidogo, ameviacha wazi,
hadi mistari yake niliiona, na kovu la moto wa sima,
lile la mwaka tuliooana.

Siwadanganyi: uko usiku wa uwanda mpana,
kifaru ng'ambo, watu watatu wakitambaa kwenye nyasi,
ambapo mia tatu ni njiti ya kibiriti.
Usiku huo mwenye elfu moja atembee mbele yangu
nami nitamshukuru.
Ila uani, kichakani, kwenye ukungu wa alfajiri,
pale watu wanapoishi karibu na wanyama
na wote wanatembea usiku,

Tapkigen aliniuliza, kalamu juu ya kitabu:
"Unataka kuona mpaka wapi?"
"Hadi viganjani."
Akaandika hivyo hivyo, kwenye safu ya sababu.

Ile kubwa bado iko mezani.
Jana alikuja kijana mpya kutoka Njoro,
akaishika, akaipima uzito, akatabasamu.
Tapkigen akanitazama.
Nikaenda kutafuta sufuria.